Deni la Katanga: Umoja wa Mataifa na dhima ya makosa ya askari wake (1960–1967)

Utangulizi

Kwa muda mrefu sheria ya kimataifa ilimtambua mhusika mmoja tu, yaani dola. Dola ndiyo iliyofunga mikataba, ndiyo iliyotangaza vita, na ndiyo iliyodaiwa fidia ilipowadhuru raia wa dola nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili jumuiya za kimataifa ziliongezeka, na iliyo kubwa kupita zote ikawa ni Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wanasheria wa vizazi vilivyotangulia hawakulazimika kulijibu: jumuiya isiyo na ardhi wala raia, iliyoundwa na dola kwa ajili ya kulinda amani, ikimdhuru mtu asiye na hatia, nani atalipa? Na nani ataamua kiasi cha malipo?

Swali hilo lilijadiliwa katika vitabu, lakini jibu lake zito la vitendo lilitoka Katanga, katika mapigano ya miaka 1961 hadi 1963 kati ya jeshi la Umoja wa Mataifa na majeshi ya Moïse Tshombe. Makala haya yanakusudia kueleza namna jibu hilo lilivyopatikana na mipaka yake. Hoja inayotetewa ni hii: Katanga ilithibitisha kwamba Umoja wa Mataifa waweza kuwa mdaiwa, ila haikumpatia mdai mahakama, na kwa kuwa malipo yalipitia mikononi mwa dola, yalimfikia mtu mwenye dola ya kumsemea, wala si kila aliyeumizwa.

1. Jumuiya yenye nafsi ya kisheria

Tarehe 17 Septemba 1948 Folke Bernadotte wa Sweden, mpatanishi wa Umoja wa Mataifa huko Palestina, aliuawa mjini Yerusalemu. Baraza Kuu likaiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague kama Umoja wa Mataifa, ambao si dola, ulikuwa na uwezo wa kudai fidia kwa ajili ya mtumishi wake. Mahakama ilitoa maoni yake tarehe 11 Aprili 1949. Ilisema kwamba Umoja wa Mataifa si dola, sembuse dola kuu juu ya dola zote. Hata hivyo una nafsi ya kisheria, maana yake waweza kuwa na haki na wajibu katika sheria ya kimataifa, na waweza kudai haki zake.

Kesi hiyo ilihusu haki ya kudai, lakini haki haitembei peke yake. Anayekubaliwa kuwa na nafsi ya kudai hana budi kukubali kudaiwa. Mahakama yenyewe ilikwisha kutaja haki na wajibu katika sentensi moja, kwa hiyo upande wa pili wa kanuni ulikuwa unangojea tukio tu.

Wakati huo njia ya kudai ilikuwa imekwisha kuwekewa masharti. Mkataba wa tarehe 13 Februari 1946 kuhusu haki maalum na kinga za Umoja wa Mataifa una vifungu viwili ambavyo yafaa visomwe pamoja. Kifungu cha 2 kinaukinga Umoja wa Mataifa usishtakiwe katika mahakama ya nchi yoyote, isipokuwa umeiondoa kinga hiyo wenyewe. Kifungu cha 29 kinaulazimisha kuweka njia zifaazo za kusuluhisha madai ya watu binafsi dhidi yake. Kinga ilitolewa ili dola moja isiweze kuutawala Umoja wa Mataifa kupitia mahakimu wake. Haikutolewa ili anayedhuru asilipe. Lakini mkataba haukueleza litakalotokea ikiwa kinga ipo na njia ya usuluhishi haipo.

2. Jeshi la amani vitani

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wa Force Publique waliasi, Ubelgiji ikaingiza majeshi yake bila idhini ya serikali mpya, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Rais Joseph Kasavubu na Waziri Mkuu Patrice Lumumba waliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 143, na jeshi lililozaliwa na azimio hilo, ONUC, lilifikia karibu askari 20,000. Walitoka Ireland, Sweden, India, Ethiopia, Ghana, Nigeria, Tunisia, Moroko na nchi nyingine nyingi.

Mwanzoni jeshi hilo liliruhusiwa kutumia silaha kwa kujitetea tu. Azimio namba 161 la tarehe 21 Februari 1961 lilipanua ruhusa hiyo: nguvu zingeweza kutumika, njia nyingine zote zikishindwa, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Azimio namba 169 la tarehe 24 Novemba mwaka huo liliruhusu nguvu katika kuwakamata na kuwafukuza mamluki. Mapigano yalizuka mara tatu: Septemba 1961, Desemba 1961, na tena kuanzia tarehe 28 Desemba 1962 hadi Januari 1963, uasi wa Katanga ulipokoma. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, akiwa njiani kwenda kuzungumza na Tshombe.

Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ndio uliopata taabu kubwa. Mapigano yalifanyika katikati ya makazi ya watu, na risasi haikuuliza kama nyumba ni ya Mbelgiji, ya Mgiriki mfanyabiashara au ya mfanyakazi wa migodi. Raia waliuawa na kujeruhiwa, nyumba zilivunjwa na nyingine ziliporwa. Mwezi Desemba 1961 Georges Olivet, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliuawa pamoja na wasaidizi wawili wa kujitolea walipokuwa katika gari la wagonjwa. Baada ya uchunguzi Umoja wa Mataifa ulikubali kulipa fedha kwa ajili ya jamaa za marehemu, lakini bila kukiri kwamba ulikuwa na dhima ya kisheria.

Hapa pana jambo la msingi la kuzingatiwa. Umoja wa Mataifa haukuwa vitani na Kongo. Uliingia kwa mwaliko wa serikali halali na ulipigana katika ardhi ya nchi iliyouomba msaada. Mkazi wa Elisabethville basi hakuwa raia wa nchi adui ambaye hasara yake ingeweza kusahauliwa kwa jina la vita. Alikuwa mwenyeji aliyedhurika mikononi mwa mgeni aliyeitwa na serikali yake.

Jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Tarehe 27 Novemba 1961 Umoja wa Mataifa na Jamhuri ya Kongo walitia sahihi makubaliano kuhusu hali ya ONUC nchini. Ibara ya 10 ilieleza kwamba ikiwa raia au mkazi wa Kongo amepata hasara kwa kitendo cha askari au mtumishi aliyekuwa kazini, Umoja wa Mataifa utalimaliza dai kwa mazungumzo au kwa njia nyingine watakayokubaliana wahusika. Mazungumzo yakishindikana, dai litapelekwa mbele ya waamuzi. Kwa maandishi, basi, ahadi ya Kifungu cha 29 ilikuwa imetimizwa.

3. Makubaliano ya tarehe 20 Februari 1965

Wabelgiji waliokuwa wakiishi Kongo walileta madai yapatayo 1,400. Hawakuachwa peke yao, kwani serikali ya Brussels iliyachukua madai hayo na kuyajadili na Katibu Mkuu U Thant. Baada ya uchunguzi madai 581 yalionekana kustahili fidia. Tarehe 20 Februari 1965 U Thant na Paul-Henri Spaak, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Ubelgiji, walibadilishana barua zilizofanya makubaliano rasmi: Umoja wa Mataifa utalipa dola za Marekani 1,500,000 kwa jumla, na Ubelgiji itawagawia raia wake. Mikataba ya namna hiyo ilifuata na Uswisi (1966), Ugiriki (1966), Luxembourg (1966) na Italia (1967).

Barua hizo zaweka kanuni ambazo wanasheria wamezirejea tangu hapo. Ya kwanza: Umoja wa Mataifa hautaikwepa dhima pale itakapothibitika kwamba watumishi wake waliwasababishia raia wasio na hatia madhara yasiyo na udhuru. Ya pili: hautalipa madhara yaliyotokana na operesheni za kijeshi peke yake au na ulazima wa kijeshi, wala yale yaliyofanywa na watu wasio wa jeshi lake. Ya tatu, isiyoandikwa lakini iliyo wazi kwa kila msomaji: alipaye ni Umoja wa Mataifa wenyewe. Haikutafutwa kwanza kama risasi ilitoka kwa Mhindi au kwa Mswedi ili serikali yake ndiyo idaiwe.

Umoja wa Kisovieti ulipinga malipo hayo kwa nguvu, ukisema Ubelgiji ilikuwa mchokozi katika Kongo na haikustahili kulipwa chochote. Jibu la U Thant la tarehe 6 Agosti 1965 halikuitetea Ubelgiji. Lilisema kwamba siku zote imekuwa desturi ya Umoja wa Mataifa kuwafidia watu binafsi waliopata madhara ambayo kisheria ni dhima yake. Jibu hilo lilitenganisha mambo mawili ambayo siasa hupenda kuyachanganya: makosa ya dola ya Ubelgiji na haki ya Mbelgiji aliyevunjiwa nyumba. Mtoto hachukui deni la baba yake katika kesi ya namna hii.

Kuhusu nani aubebe mzigo, njia ilikuwa imekwisha kusafishwa na Mahakama ya The Hague. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zimekataa kuchangia gharama za ONUC. Katika maoni yake ya tarehe 20 Julai 1962 Mahakama iliamua, kwa kura 9 dhidi ya 5, kwamba gharama hizo ni za Umoja wa Mataifa wenyewe. Iliongeza kwamba shirika laweza kufungwa na kitendo cha wakala wake hata kama wakala huyo alivuka mipaka ya mamlaka yake.

4. Mdai mbele ya mahakama ya Brussels

Mbelgiji mmoja, mwenye mali Katanga, hakuridhika na kiasi alichopangiwa katika mgao. Aliushtaki Umoja wa Mataifa pamoja na dola ya Ubelgiji mbele ya mahakama ya Brussels. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 10, linampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama huru. Kifungu cha 29 kinaahidi njia ya usuluhishi. Yeye hakupata hiyo wala hii, maana kiasi cha fidia kiliamuliwa na mdaiwa akizungumza na serikali ya mdai. Kinga isiyo na njia mbadala, alidai, imepoteza sababu yake.

Tarehe 11 Mei 1966 mahakama ilimkatalia. Ilikiri kwamba Umoja wa Mataifa ulikuwa haujaunda chombo cha kuamua madai kama ulivyopaswa. Hata hivyo ilisema Azimio la mwaka 1948 halina nguvu ya sheria inayoweza kuutangua mkataba, na Kifungu cha 2 hakikufungamanishwa na utekelezaji wa Kifungu cha 29. Mahakama ya rufani iliithibitisha hukumu hiyo tarehe 15 Septemba 1969, ikikubali kwamba kwa hali ya jumuiya za kimataifa ya wakati ule hapakuwa na mahakama yoyote ambayo mdai angeweza kuiendea.

Hukumu hiyo yastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu haikusema kwamba Umoja wa Mataifa hauna dhima. Ilisema dhima ipo, ila hakuna hakimu wa kuitamka. Kinga na kutowajibika ni mambo mawili. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, hata hivyo, tofauti hiyo ni ya vitabuni. Haki isiyo na mahali pa kudaiwa yageuka kuwa hisani, na kiasi cha hisani hupangwa na mtoaji.

5. Raia wa Kongo katika hesabu hiyo

Mikataba iliyotiwa sahihi kati ya 1965 na 1967 ilihusu raia wa nchi tano za Ulaya. Raia wa Kongo hatajwi katika hata mmoja. Jambo hili halitokani na sheria kumbagua. Ibara ya 10 ya makubaliano ya 1961 ilimtaja yeye kwanza, kabla ya mkazi mgeni. Sababu imo katika namna madai yalivyoendeshwa.

Njia iliyotumiwa kwa vitendo ilikuwa ile ya kale ya ulinzi wa kidiplomasia: mtu hupeleka dai kwa dola yake, na dola hulifanya kuwa lake. Njia hiyo yataka mambo matatu: dola yenye wanasheria na mabalozi wa kulifuatilia dai, hati za kuthibitisha mali na hasara, na nia ya serikali ya kugombana na mdaiwa. Mbelgiji wa Elisabethville alikuwa na yote matatu. Mfanyakazi wa mtaa wa Katuba au Kenya hakuwa na hati ya nyumba iliyofanana na ile ya mlowezi, kwa kuwa sheria ya kikoloni haikumzoesha Mwafrika kumiliki ardhi ya mjini kwa namna hiyo. Serikali yake nayo ilikuwa Léopoldville, ikipambana na maasi ya mwaka 1964 na mabadiliko ya mawaziri, hadi Mobutu alipotwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965.

Zaidi ya hayo, serikali hiyo ndiyo iliyouita Umoja wa Mataifa, na ushindi wa ONUC dhidi ya kujitenga kwa Katanga ulikuwa ushindi wake. Kwa nini imdai msaidizi wake? Hapa ndipo udhaifu wa mfumo wote unapoonekana. Ulinzi wa kidiplomasia hufaa pale ambapo masilahi ya dola na ya raia yanakwenda pamoja. Yanapoachana, raia hubaki nje. Na katika kila operesheni ya amani inayofanyika kwa mwaliko wa serikali, ni rahisi sana yaachane, kwani anayepaswa kumsemea raia ndiye mwenyeji wa yule aliyemdhuru.

6. Kutoka Katanga hadi kanuni za mwaka 2011

Mfano wa Katanga haukusahauliwa. Umoja wa Mataifa uliendelea kukubali kwamba vitendo vya majeshi yake ni vyake, lakini pia ulizidi kuuzungushia ukuta mzigo huo. Tarehe 26 Juni 1998 Baraza Kuu, kwa azimio namba 52/247, liliamua kwamba mtu anayedai fidia kwa jeraha au kifo hawezi kulipwa zaidi ya dola 50,000, na kwamba dai lazima liletwe katika miezi sita tangu siku ya madhara au siku yalipogunduliwa, na kwa vyovyote lisipite mwaka mmoja baada ya operesheni kumalizika. Madhara ya ulazima wa operesheni yalibaki nje, kama katika barua za 1965. Mfano wa makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa na nchi zinazopokea majeshi, uliotolewa mwaka 1990, uliahidi tume ya kudumu ya madai. Tume hiyo ilibaki maandishi.

Mwaka 2011 Tume ya Sheria ya Kimataifa ilimaliza kazi iliyoianza mwaka 2002 chini ya mwanasheria Giorgio Gaja, ikatoa ibara 67 kuhusu uwajibikaji wa jumuiya za kimataifa. Kanuni kuu ni kwamba kila kitendo cha jumuiya kinachovunja sheria ya kimataifa kinaileta dhima yake. Kuhusu askari walioazimwa na dola, ibara ya 7 inauliza nani alikuwa na udhibiti halisi wa kitendo. Katika maelezo yake Tume ilirejea barua za Katanga kuwa ushahidi wa desturi ya Umoja wa Mataifa. Lakini ibara hizo si mkataba unaozifunga dola, wala haziundi mahakama.

Haiti ilionyesha matokeo ya pengo hilo. Kipindupindu kiliingia nchini humo Oktoba 2010, na chanzo chake kilifuatiliwa hadi kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Madai ya wahanga yaliyoletwa 2011 yalikataliwa Februari 2013 kwa maneno kwamba hayapokeleki chini ya Kifungu cha 29. Mahakama za New York ziliikubali kinga, ya rufani ikifanya hivyo Agosti 2016. Tarehe 1 Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi. Mahakimu wa New York walikuwa wamefuata njia ileile waliyoifuata mahakimu wa Brussels nusu karne kabla yao.

Kwa Kongo somo hili si la kale. Tarehe 30 Novemba 1999 Baraza la Usalama liliunda MONUC, iliyogeuzwa kuwa MONUSCO mwaka 2010. Azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013 liliiongezea brigedi ya kushambulia makundi yenye silaha, ambayo askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tangu Katanga hakuna ruhusa ya vita iliyokuwa wazi kiasi hicho. Tarehe 31 Julai 2022 askari wa brigedi hiyo waliokuwa wakirudi kazini waliwafyatulia watu risasi kwenye mpaka wa Kasindi, na Umoja wa Mataifa wenyewe ukalaani kitendo hicho.

Linganisho moja latosha kuonyesha ukubwa wa pengo. Kongo iliishtaki Uganda kwa uvamizi, na tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya The Hague iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Dola ilishtaki dola, na hakimu alikuwepo. Lakini Mahakama hiyo, kwa sheria yake yenyewe, hupokea kesi za dola peke yake: mtu binafsi hawezi kushtaki mbele yake, na Umoja wa Mataifa hauwezi kushtakiwa.

Hitimisho

Historia ya Katanga imeacha mafundisho mawili yanayovutana. La kwanza ni la kutia moyo: mwaka 1965, katikati ya ugomvi wa mataifa makubwa, Katibu Mkuu alisimama akasema kwamba jumuiya ya amani nayo hulipa inapomdhuru asiye na hatia. Bila neno hilo kanuni za 2011 zingekosa mojawapo ya nguzo zake. La pili ni la kuonya: neno hilo lilitimizwa kwa mazungumzo baina ya wenye uwezo, na aliyetajwa kwanza katika ibara ya 10, yaani raia wa Kongo, hakuwa na mtu mezani.

Dawa haihitaji kubuniwa upya. Imo katika Kifungu cha 29 na katika makubaliano ya tarehe 27 Novemba 1961: waamuzi wasioteuliwa na mdaiwa peke yake, wanaoweza kuendewa na mwenye dai bila kupitia serikali yake. Kinga ya Umoja wa Mataifa mbele ya mahakama za nchi yaweza kubaki palepale. Kinachotakiwa ni kutimiza sharti lililoandikwa pamoja nayo mwaka 1946. Sharti hilo lisipotimizwa, mkaaji wa Kasindi atabaki pale alipobaki mkaaji wa Katuba: dhima inakubaliwa kwake, na hakuna wa kumsikiliza.